Tamko la Bidhaa, Malaba

Sanduku lilishuka kutoka lori la tatu
katikati ya matairi na katoni za misumari.
Tamko lilisema: Fuvu, moja. Nakala.
Hapo kalamu yangu ikagoma.

Maana ghalani humu, mwaka wa kumi na moja sasa,
nakamata vya uwongo vinavyojiita vya kweli:
saa, viatu, vidonge vya malaria
vilivyofinyangwa kwa unga wa muhogo.
Sijawahi kuletewa cha uwongo
kinachojitaja jina mlangoni.

"Thibitisha," nikamwambia Mwalimu Ochwo,
aliyetoka Tororo na risiti ndani ya daftari la maksi.
"Nithibitishe nini, afisa?"
"Kwamba huyu hajawahi kuishi."

Akakuna kichwa.
Akasema ni wa ukoo wa pomboo,
ila si yule wa kwenye picha, mwenye mdomo kama chupa;
huyu pua yake butu, mwili mfupi kuliko meza yako,
yuko ghuba moja tu, upande wa pili wa dunia,
na wavuvi wa huko humwita vakita,
yaani ng'ombe mdogo.

Ng'ombe! Ng'ombe nawajua.
Wanapita hapa na barua ya daktari wa mifugo,
nawahesabu kwa pembe, nawatoza kwa kichwa.
Nikauliza, nusu mzaha, nusu fomu:
"Kundi lake lina vichwa vingapi?"

Mwalimu akainua vidole vya mikono yote miwili,
akakunja kimoja,
akakikunjua,
kama mtu asiye na hakika na deni lake.

Basi nikakata utepe.
Lilikuwa jepesi, la rangi ya chai ya maziwa,
kisogo cha mviringo kama kibuyu cha kunawia,
na meno madogo bapa, majembe ya kuchezea watoto,
yamepangwa kwa ajili ya shamba lisilolimika.
Matundu ya pua yako utosini.
Nikaingiza kidole gumba, Mungu anisamehe,
feni ya dari ikapuliza, tundu la pili likalia
fyuu, kidogo tu.
Karibu na jicho palikuwa na ufa.
"Yule wa kwanza ndiye aliyepasuka," mwalimu akasema.
"Wamenakili mpaka jeraha."

Koplo Ekwaro akaja na mbwa wake wa kunusa pembe,
jike mmoja mzito anayeitwa Karani,
asiyekosea: aliwahi kuukuta mkufu wa ndovu
ndani ya gunia la dagaa.
Karani alinusa meno, akanusa ufa,
akapiga chafya ya gundi,
akaenda kulala chini ya mizani.
Hakuna mnyama hapa.
Huo ndio ulikuwa ushahidi, nikaupigia muhuri.

Nchi ya asili? Nikaandika ya kiwanda.
Ya bahari haikuwa na kisanduku chake.
Thamani? Kama risiti.
Kiwanda kikipata oda, kesho kitamimina ishirini,
keshokutwa arobaini, wote na ufa ule ule.
Bahari haipokei oda.
Itafika siku, kama haijafika,
nakala zitajaa makabati ya shule
na wenyewe hawatajaza hata mtumbwi.

Vielelezo vya kufundishia havitozwi ushuru.
Mwalimu akalifunga sanduku nyuma ya pikipiki kwa mpira mweusi,
akasema wanafunzi wake hawajaiona bahari.
Sikumwambia kwamba mimi pia sijaiona,
mimi ninayeruhusu mizigo yake kila siku.

Jioni nikakagua daftari kabla ya kulifunga.
Mstari wa kumi na nne, kwa mwandiko wangu mwenyewe,
kwa mazoea ya siku za mnada:
Ng'ombe, mmoja.
Kanuni hairuhusu kufuta. Kosa hupigwa mstari mmoja,
na sahihi pembeni.

Wino ulikuwepo.
Mstari sikuupiga.