Sekunde Ishirini, Barabara ya Nane

Ndahani aliniazima stendi yenye miguu miwili na nusu,
akasema, nusu iliyobaki utaijua mwenyewe,
akarudi kibandani kwake kwenye picha za pasipoti.

Upepo wa Dodoma mwezi wa sita haubishi hodi.
Nikaning'iniza kiroba cha karanga chini ya kamera,
karanga za mama Nyemo, za mkopo hadi Jumamosi,
ili kitu kimoja mjini humu kisitikisike.

"Usiwahi, usichelewe," Ndahani alikuwa ameniusia.
"Anga likiwa rangi ya wino wa shule
na bado halijawa masizi, hapo ndipo.
Na hiyo taa ya kamera izime.
Usiku si mshtakiwa, usiumulike usoni."

Nikabonyeza. Nikazuia pumzi.
Moja. Mbili.
Bajaji tatu zikielekea Sabasaba.
Sita. Karani, faili kwapani, anakimbia
kana kwamba ofisi itahama kabla ya asubuhi.
Kumi. Wanachuo wanagombania mfuko mmoja wa chipsi.
Kumi na nne. Gari la mkubwa, vioo vyeusi.
Kumi na tisa, mbwa.
Ishirini.

Kwenye kioo kidogo, hamna mtu.
Bajaji zimekuwa nyuzi nyekundu,
kama fundi aliyeshona barabara akasahau kukata uzi.
Karani hayupo. Faili halipo.
Mkubwa ni mistari miwili ya mwanga, basi.
Mbwa, labda, ni ule ukungu kando ya mtaro.

Ila mbele ya duka la nondo na saruji,
kwenye kiti cha plastiki, chini ya taa ya njano,
yupo Masinjisa mlinzi, kofia hadi kwenye nyusi,
rungu mapajani,
kila kifungo cha koti lake chahesabika.
Zamu yake ilianza saa kumi na mbili.
Sasa ni saa moja kasorobo.

Sijawahi kupiga picha kali kama ile.
Nikamwamsha nimwonyeshe.

Akaisogeza mbali, akaileta karibu.
"Mtu akiangalia hapa,
anajua kama macho yamefumba?"
Nikaikuza. Nikaipunguza upesi.
Hajui, nikasema. Kofia imekusitiri.

"Ndahani mwonyeshe. Tajiri usimwonyeshe."
Akavuta kiti karibu na stendi, macho makavu sasa,
akaingiza mkono kirobani,
akawa anamenya karanga, moja moja, akinisimulia baridi.

Picha zote zilizofuata zilitikisika.