Mlango wa Kushoto

Nimekuja na sumaku niliyoivisha kitambaa,
kipimo cha unene wa rangi, tochi,
na kioo kidogo cha mganga wa meno,
nyumbani kwa Bi Thuweba, Mawaleh, saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
kabla jua la Agosti halijaligeuza bati kuwa tanuri.
Mnunuzi yuko Doha. Anataka neno moja tu kutoka kwangu:
asili, au si asili.

"Haijaguswa," kasema Bi Thuweba, akivuta turubai.
Pontiaki ya mwaka sabini, nyekundu ya komamanga lililopasuka.
"Marehemu kaileta kwa nchi kavu toka Kuwait.
Hata kitambaa cha kuifutia
alikuwa hamtumi mtu dukani."

Kila muuzaji huniambia haijaguswa. Simbishii.
Namwachia gari aseme.
Boneti: mikroni mia na kumi. Paa: mia na tano.
Rangi imechoka pale pale inapostahili kuchoka,
ubavu ulioelekea jua umepauka kama leso iliyofuliwa mno.
Namba ya injini na ya chesisi ni za tumbo moja.
Kabureta ndiyo yenyewe. Vioo vina mhuri wa mwaka wao.
Nati za madigadi hazina hata kovu la spana.
Nikalala chali sakafuni, tochi mdomoni:
vumbi la njia ile bado limeganda
kwenye pembe asizozifikia mwoshaji yeyote.
Nikasema moyoni, hii ndiyo.

Hapo sumaku ikateleza.

Mlango wa kushoto, chini ya kitasa.
Kipimo: mia nne na themanini.
Nikapitisha ukucha ukingoni, nikakuta
ukungu mwembamba mwekundu juu ya lastiki,
rangi iliyopulizwa na mtu aliyejua kazi
ila hakupewa muda.

Sikusema kitu. Alisema yeye,
akilitazama birika, si mimi:
"Dadkarim wa Wadi Kabir. Siku mbili.
Marehemu alikuwa Fahud, visimani.
Nilikuwa najifundisha mwenyewe, usiku, taa nimezima
majirani wasione. Nguzo ya geti nami sikuiona.
Nikauza bangili moja.
Kaingia kaburini hajui."

Kazi yangu haina adabu. Nikaomba nifungue ubao wa ndani,
nione chuma kilipinda kiasi gani.
Skrubu nane. Vichwa vyake vina alama za bisibisi mbili,
moja pana, moja nyembamba:
mlango huu umefunguliwa na watu wawili.

Na ndani, juu ya chuma kitupu, penseli ya seremala,
Kiswahili kwa herufi za Kiarabu,
kama walivyoandikiana barua watu wa umri wao:

*Thuweba kagonga. Fundi kajitahidi.
Mimi nimenyamaza. Machi 1981.*

na chini yake, kwa penseli iliyochongwa siku nyingine:

*Sasa anaendesha kunishinda.*

Bi Thuweba akavaa miwani, akasoma.
Akavua miwani, akasoma tena.
"Kumbe," akasema. "Kumbe ule mgongo.
Miaka yote ile ananipa funguo,
ananiambia mgongo unamuuma."

Fomu yangu ina visanduku viwili tu.
Mimi mwenyewe nimeulizwa neno hilo,
dirishani, na karani aliyekwisha kuisikia lafudhi yangu,
na nakumbuka kalamu yake ikingoja.
Nikaandika pembeni, nje ya visanduku:
asili, isipokuwa mlango wa kushoto.

Mnunuzi hakukawia kupiga simu. Anataka punguzo, riyali elfu mbili.
Bi Thuweba akaitwaa simu mkononi mwangu.
"Gari chukua, kwa hiyo bei yako.
Mlango huu hauendi Doha. Katafute mwingine."

Nikamkabidhi skrubu zake.
Akazihesabu, moja moja, mpaka nane.