Kabureta Nne

Mtu wa Rovaniemi aliyeniuzia alisema
inataka kusafishwa kidogo tu.
Mbuzi wa guniani; nilimsikia anakohoa, nikalipa.
Kidogo chake kimekula Aprili yangu nzima,
nusu ya Mei, na meza ya jikoni,
ambayo Pirkko haidai tena:
huizunguka na sahani yake mkononi
kama apishaye msiba wa jirani.

Ni ya mwaka themanini na moja, imenizidi miaka sita.
Tangi lake jekundu limepauka ubavu mmoja,
ule uliotazamana na dirisha
la banda la mtu nisiyemjua.
Majina saba kwenye kadi. Saba!
Nawatambua kwa makosa yao.
Mmoja aliziba pengo la pini kwa waya wa uzio.
Mmoja alikuwa na hasira, skrubu zote kazinyoa vichwa.
Na mmoja, Mungu amrehemu,
alitoboa jeti kwa sindano ya kushonea,
akidhani injini ikikosa pumzi
dawa ni kuipanua pua.

Bakulini petroli ya zamani ilikuwa imeganda,
rangi ya chai iliyolala,
na boya limenata humo, halizami wala halielei.
Nikaloweka, nikapuliza, nikasugua kwa mswaki wangu mwenyewe.
(Nilinunua mwingine. Nilichelewa kumwambia Pirkko upi ni upi.)

Jumamosi akaja Taisto wa nyumba ya kijani.
Miaka thelathini kwenye kiwanda cha karatasi,
sikio la kushoto kaliacha huko.
Mkononi soksi ya sufu, ndani ya soksi
mirija minne ya kioo yenye zebaki.
"Kahawa kwanza," akasema.
Hayo ndiyo yalikuwa maongezi ya asubuhi.

Tangi tukalivua. Chupa ya petroli
tukaitundika kwenye pembe za kulungu ukutani.
Feni ya Pirkko ikaipepea injini kama mgonjwa wa homa.
Nikabonyeza, zebaki ikaruka:
nguzo nne zinatetemeka, kila moja na kimo chake,
kama ndugu waliopangwa wapigwe picha
na hakuna anayetaka kusogea.

"Ya tatu usiiguse. Haina skrubu.
Hizi nyingine ndizo zinazoifuata."
Robo ya mzunguko: ya kwanza ikapanda, ya pili ikashuka.
Nusu ya robo: ya nne ikatoka mbio.
Ukimpoza huyu, yule anawaka.

Saa mbili hivyo.
Taisto akaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma,
mpini nyuma ya sikio lake, kwenye mfupa.
Akafumba macho. Akatikisa kichwa.
Kisha, bila kuniuliza, akampa bisibisi Pirkko,
aliyekuwa amekuja kudai feni.

Pirkko hupiga kinanda kanisani.
Hajui jeti wala boya. Akainama.
"Ya pili," akasema, "inachelewa kuingia.
Kama Hannes kwenye besi: husubiri wenzake waanze
ndipo awe na uhakika."
"Kiasi gani?"
"Pumzi. Siyo pumzi nzima."

Nikazungusha pumzi, siyo pumzi nzima.

Sijui kueleza. Kelele haikupungua,
ila iliacha kugombana.
Nguzo bado zilipishana unene wa ukucha.
Nikanyoosha mkono; Taisto akaushika.
"Acha. Hiyo ni ya barabara."

Ziwa lilikuwa bado na barafu katikati
nilipolizunguka, saa nne usiku, jua likiwa bado juu ya misonobari.
Kwenye njiapanda nikasimama.
Nayo ikasimama pamoja nami, isizimike,
ikihema chini chini kama mwenye muda.

Meza imerudi. Nimeisugua kwa sabuni mara tatu,
mkate bado unanuka petroli kidogo.
Pirkko anakula, hasemi.
Jana gari la posta lilipita,
akakiacha kijiko hewani:
"Na lile," akasema.