Pengo la Kumi na Moja

Mwalimu Sanga katupa maswali matatu.
Chaki imelowa, ubao umelowa,
Tukuyu mwezi wa tatu hata kivuli kinaota kuvu.
Andikeni kwa Kiingereza, kasema:
muziki uupendao kuliko wote,
mwandishi umpendaye kuliko wote,
halafu sarufi, ukurasa wa arobaini na moja, jaza mapengo.

Mimi hupima maparachichi.
Wanunuzi siku hizi hawaji na mkalimani,
ndiyo maana jioni nakaa dawati la watoto wa darasa la tatu,
magoti yamegota mbao.

Muziki haukunisumbua.
Nikaandika tarumbeta za kanisani,
alfajiri ya Pasaka, makaburini,
midomo imekufa ganzi,
na ile besi ya Asegelile, iliyobonyea tangu ianguke kwenye lori,
inayotoa sauti ya ng'ombe anayewaza.
Mwalimu akasahihisha:
kwa Kiingereza tarumbeta haipulizwi, inachezwa,
kama mpira, kama bao.
Njiani nilicheka peke yangu.
Asegelile anacheza! Yeye
ambaye mashavu humuuma hadi Jumatano.

Kisha kuna kile kineno
kinachotangulia jina kama mbwa mbele ya mwenye shamba.
Mlima wowote, una chake.
Mlima ule tunaoujua, una kingine.
Nikauliza: na Rungwe je?
Rungwe hautaki kitu, kasema, unajitosha.
Hilo nikalielewa mara moja.

Mwandishi.
Wenzangu walinakili majina ya kwenye majalada.
Mimi nina kopo la biskuti,
ndani yake risiti za kahawa za baba, thelathini na saba,
zimetobolewa kona, zimefungwa kamba ya katani.
Mbele, kilo na bei.
Nyuma, kwa wino wa bluu, karani wa mzani aliandika alivyopenda:

*Kilo 14. Mto umekula daraja. Huyu kavuka, gunia kichwani.*
*Kilo 9. Kahawa nzuri, mwaka mbaya.*
*Kilo 22. Leo amecheka.*

Na sahihi: T. Mwasandube.

Mwandishi huwa na kitabu, kasema Mwalimu.
Nikamwambia, kamba anayo.

Akaguna. Haya, andika.
Sentensi ya pili tu, kalamu ikagoma.
Kiingereza kinataka kujua kwanza:
mwanamume au mwanamke?
Hakimruhusu mtu apite mlangoni hivihivi.
Na mimi, miaka yote niliyomsoma,
sikuwahi kumvalisha suruali wala kitenge.
Aliona. Alipima. Aliandika.
Ile *a* ndogo ilimbeba yote,
hata gunia, hata mto.

Usiku nikamwendea baba.
Baba, yule karani alikuwaje?
Akasogeza kuni.
Alikuwa mwaminifu. Hakumpunja mtu hata robo.
Nauliza, alikuwa mtu gani?
Wa kuogopa baridi. Koti refu mpaka hapa.
Akaonyesha kwenye ugoko,
akarudi kwenye mahindi yake ya kuchoma,
na mimi, sijui kwa nini, sikuuliza tena.

Nimeacha wazi.
Ukurasa wa arobaini na moja una mapengo kumi,
daftari langu lina la kumi na moja.
Mwalimu kalizungushia wino mwekundu,
duara zuri, halina kosa.

Leo asubuhi, kwenye mzani, ukungu mpaka miguuni.
Bi Tusekile kashusha tenga: kilo thelathini na moja.
Nikajaza kadi, nikaigeuza,
nikaandika nyuma yake kwa Kiingereza, bila kamusi,
kwamba kafika kabla ya jua.
Safari hii kiwakilishi hakikunisumbua.
Alikuwa amesimama mbele yangu
anapuliza vidole,
au, kama wasemavyo wenyewe, anavicheza.