Mshika Waya

Kazi yangu ni kushika waya
mshiriki asijikwae.
Maabara iko ghorofa ya tatu, Oulu, mwezi Januari,
saa tisa mchana na taa za barabarani zimeshawaka.

Mshiriki wa kumi na tisa ni Hilkka,
aliyepanga barua za watu posta miaka thelathini na mmoja.
Anavaa miwani ile nzito, ananyamaza,
kisha: "Kumbe mmeweka na dirisha."

Tumempa jiko. Meza, birika, viti viwili.
Kompyuta inahesabu kichwa kimegeuka mara ngapi,
macho yametua wapi, kwa sekunde ngapi.
Hilkka anachoka kusimama.
Anapeleka kiganja mezani, aegemee kidogo,

meza haipo.

Namdaka begani. Waya umenizonga mguu,
aliyejikwaa ni mimi.
Tunacheka sote watatu, hata Ilmari
ambaye hacheki wakati wa kurekodi.

Baadaye dodoso linamuuliza:
Ulihisi uko pale? Moja hadi saba.
Kalamu inakaa hewani.
"Macho yangu, saba," anasema.
"Mkono uulizeni wenyewe."
Hakuna kisanduku cha jibu hilo.
Ilmari anaandika sita.

Anavaa koti, skafu, kofia ya sufu.
Karibu na mlango pana meza yetu ya mapokezi,
ya mbao, ina alama za vikombe.
Anaubonyeza ukingo wake kwa kidole,
mara moja, mara ya pili,
ndipo anaegemea, avae viatu.