Hatua Ishirini na Nane

Fomu ina mstari mmoja tu:
Sababu ya kuomba silaha.
Baba anasema, andika.
Niandike nini, Tate?
Analitazama bega lake la kulia
kana kwamba jibu limeshonewa humo.

Bega hilo lilivunjika mteremko wa Mkata,
pikipiki ya mkaa ilipomlalia.
Tangu hapo bunduki ndefu inamkataa.
Alijaribu mara moja, kitako kikampiga teke,
akaketi majanini kama mtoto aliyeachishwa ziwa,
na tohe akaondoka kwa mwendo wake wa kawaida.
Hilo ndilo lililomuuma:
hata hakukimbia.

Tukapanda basi la alfajiri kwenda Tanga mjini.
Duka la Kermali, Ngamiani, ngazi tatu, mlango wa nondo.
Akatandika kitambaa cha kijani
akaziweka bastola mbili, taratibu,
kama anayempakulia mgeni.
"Hii nyepesi, inakaa kiunoni huisikii.
Hii ya kuzungusha, matundu sita,
mtutu shibiri nzima, nzito kama deni.
Unawinda nini, mzee?"
"Funo. Tohe. Ngiri, akijileta."
"Kwa umbali gani?"
"Nimezoea hatua mia na hamsini."
Kermali akaguna.
"Kwa mtutu mfupi, thelathini.
Ukizidisha hapo, unaomba dua."

Thelathini!
Tumeshapita Segera ndipo akafungua kinywa:
"Kwa hatua thelathini, mwanangu,
mnyama ana kope."

Hakununua. Aliniomba soksi.
Mimi nauza kunde gulioni, mizani ninayo.
Tukapima kilo moja na robo, uzito wa ile nzito,
tukazimimina ndani ya soksi ya shule ya Mwanaidi,
akaifunga kwenye mkono wa kushoto,
mkono ambao maisha yake yote
ulikuwa wa kushikia kikombe.

Kila kukicha akaingia vichaka vya nyuma ya Kwamsisi
akihesabu.
Hatua sabini: kijiti kimevunjika.
Hamsini na mbili: upepo umegeuka, umemsemea.
Akaacha sigara, kitu ambacho mama, Mungu amrehemu,
alikiomba miaka kumi na tisa.
Akaacha sabuni ya kunukia.
Watoto wakamwita Mzee Soksi.
Alirudi na kupe vifundoni na hamu ya uji,
hakurudi na kingine.

Jumatatu moja ya masika akarudi kimya.
Nikamwekea uji, ukapoa.
Alifika ishirini na nane.
Funo jike, sikio moja limechanika,
anatafuna maua yaliyoanguka.
Akanyoosha mkono.
Soksi haikutetemeka.
Akahesabu moyoni, moja, mbili, tatu, nne,
kisha kunde zikajipanga upya, chek,
na pale palipokuwa na funo pakabaki maua.

Nikadhani atasema amemhurumia.
Nikadhani ndiyo basi, tumerudi kwenye mchicha.
"Ile nzito," akasema.
"Nyepesi ni ya mtu anayetaka kubeba.
Ukimsogelea mnyama mpaka ukaona anavyotafuna,
huna ruhusa ya kumjeruhi.
Wa mbali akikosea husingizia umbali.
Mimi nitasingizia nini?"

Sasa tuko hapa, kaunta ya polisi,
foleni inatupumulia kisogoni.
Afisa kijana anasema bastola ni ya kujilindia,
nani amewahi kusikia ya kuwindia?
Na kibali cha wanyamapori kiko wapi?
Kipo. Kimekunjwa ndani ya soksi.
Baba anakitoa, na kunde tatu
zinabingirika juu ya kaunta ya serikali.
Anaziokota moja moja, kwa kushoto.

Mstari ni mmoja, mfupi.
Nimeandika bega.
Nimekata.
Nimeandika hatua ishirini na nane,
na afisa anaigeuza karatasi nyuma
kutafuta maelezo.