Beji ya Shahidi

Kila baada ya miezi mitatu nakusanya beji.
Kumi na moja, za plastiki, nyepesi kama ganda la karanga.
Zinaingia bahasha, zinapanda ndege;
maabara iko mbali, majibu huja mvua zikiisha.

Ya kumi na mbili haivaliwi na mtu.
Tunaiita shahidi. Inalala kwenye droo yangu
pamoja na majani ya chai na mihuri ya hospitali,
ili tujue dunia yenyewe hutoa kiasi gani,
udongo huu wa Lubumbashi,
mwekundu, wenye yake moyoni.

Leo karatasi imefika.
Ndaya, sifuri nukta tatu. Kapya, sifuri nukta tano.
Kisha Monga Kisimba,
miaka kumi na tisa chumba cha picha,
anayewashika watoto wa Katuba mikono wasitikisike
umeme ukirudi saa nane za usiku na foleni bado ipo:
Monga, sawasawa na shahidi.
Nukta kwa nukta.

Nikashuka ngazi.
Aproni yake ya risasi imepasuka begani,
kaishona kwa uzi wa viatu.
Kifuani hamna kitu.
Beji inaning'inia msumarini nyuma ya mlango,
kando ya kalenda ya kiwanda cha saruji.

Sikuuliza. Alijibu:
"Mama Mwewa, namba ikipanda wananitoa hapa,
wananipeleka getini nihesabu magari.
Geti halina posho ya hatari.
Na Kyabu ndiyo kwanza yuko mwaka wa pili wa chuo."
Akacheka kidogo.
"Halafu, haiumi.
Kitu kisichouma utakipigiaje kelele?"

Nina hotuba ya jambo hili. Wanafunzi huinakili.
Ilinikwama kooni.
Posho ile hata mimi naipokea.

Kwenye daftari kuna safu ya maoni, nyembamba,
nimekaa mbele yake tangu saa tisa.
Nikiandika, nimemfukuza.
Nisipoandika, tuna mashahidi wawili wasioona kitu,
na wa tatu ni mimi.

Kesho nitatangulia mgonjwa wa kwanza.
Nitaitoa msumarini, nimbandike kwa mkono wangu,
kama unavyomfunga mtoto kifungo asubuhi ya shule.
Atanuna. Anune.
Namba itapanda,
nami nitaipandisha ghorofani kwa mkurugenzi,
pamoja na ile aproni.